Nani aliufanya mgumu moyo wa Farao? Tuvisikilize vitenzi vya Kiebrania

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa. Kwenye semina, mhubiri mmoja alisoma Kutoka 7:13 katika Biblia ya King James, akasema Mungu aliufanya mgumu moyo wa Farao tangu mwanzo, hivyo Farao hakuwa na ujanja. Akaongeza kwamba kitenzi hicho kiko katika Pieli, yaani kitendo chenye nguvu maradufu. Mwenzake akapinga, akasema kwa Kiebrania maana yake ni "aliruhusu" tu. Biblia yangu ya Union inasema moyo wa Farao "ukawa" mgumu. Nimsikilize nani, na nitahakikishaje mwenyewe?

JIBU: Marahaba, Mwinjilisti. Kwa mstari huo shikilia Biblia yako ya Union. Wahubiri wote wawili wameteleza, na wa kwanza ameteleza mapema zaidi: kitenzi cha 7:13 hakimo katika Pieli, ambayo ni mojawapo ya kauli za vitenzi vya Kiebrania.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati na Kiebrania, kwa sababu kauli za vitenzi amezizoea tangu utotoni. Maji yamechemka, mama amechemsha maji. Mzizi ni mmoja, na mabadiliko madogo ya umbo yanaonyesha kama kuna aliyesababisha. Kiebrania hufanya hivyo hivyo. Mzizi kh-z-k katika kauli ya msingi ni kuwa na nguvu, kuwa imara, kuwa mgumu. Ukiutia katika Pieli, unakuwa kukifanya kitu kiwe hivyo.

Sasa weka mistari miwili bega kwa bega. Kutoka 7:13 inasomeka *wayyekhezak lev Par'o*: moyo wa Farao ukawa mgumu. Kutoka 9:12 ni *wayekhazzek YHWH et-lev Par'o*: BWANA akaufanya mgumu moyo wa Farao. Wa kwanza ni kauli ya msingi, na kiima chake ni moyo wenyewe. Wa pili ni Pieli, na mtenda ametajwa kwa jina. King James ya 1611 iliusoma 7:13 kana kwamba ni sawa na 9:12, ikaandika kwamba "yeye" aliufanya mgumu. Ajabu ni kwamba mistari michache tu mbele, katika 7:22, inakutana na maneno yale yale matatu na kuyatafsiri kwamba moyo ulikuwa mgumu.

Mjuzi wa Kiebrania anaweza kukubana hapa. Atakwambia kwamba ukiondoa alama za vokali, vitenzi hivyo viwili vinaandikwa kwa konsonanti zile zile, na vokali ziliandikwa na Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi walioyanakili Maandiko, karne nyingi baada ya maandiko yenyewe. Ni kweli. Ila msomaji wa zamani hakuachwa gizani. Kiebrania kina neno dogo *et*, ambalo hutangulia shamirisho lililo bayana. Katika simulizi hii, kila mahali Mungu ndiye mtenda, *et* ipo mbele ya moyo: 4:21, 7:3, 9:12, 10:1, 10:20 na kuendelea. Katika 7:13, 7:22, 8:19 na 9:35 haipo. Si sheria ya chuma, maana katika 9:34 Farao anautia moyo wake uzito na *et* haipo, lakini kwa mistari ya Mungu haikosi hata mara moja. Tena tafsiri ya Kigiriki ya Septuaginta, iliyokuwapo muda mrefu kabla ya Wamasoreti, inasema katika 7:13 kwamba moyo wenyewe ulikuwa na nguvu. Kwa hiyo Wamasoreti hawakubuni usomaji huo.

Hiyo habari ya Pieli kuwa "nguvu maradufu" nataka tuizike kabisa. Imekaririwa sana kwenye vitabu vya wanaoanza. Mwaka 1942 Albrecht Goetze, mtaalamu wa lugha za kale, alionyesha kwamba haisimami, na hasa kwa vitenzi vya hali, kama kuwa mgumu au kuwa mtakatifu, kazi ya Pieli ni kuleta hali hiyo. Nikisema mama amechemsha maji, husikii kwamba maji yamechemka kuliko kawaida. Unasikia tu kwamba kuna mtu aliyewasha moto.

Vipi kuhusu "aliruhusu"? Kauli nyingine ya kusababisha, Hifili, mara chache hubeba maana ya kuruhusu, kwa hiyo hoja hiyo haikutoka hewani. Jaribu basi kuipitisha hapa. Katika 9:34, mvua ya mawe ilipokoma, Farao *wayyakhbed*, akautia moyo wake uzito. Mstari mmoja unapita, kisha katika 10:1 Mungu anasema *hikhbadti*, nimeutia moyo wake uzito. Mzizi ule ule, kauli ile ile ya Hifili, moyo ule ule. Ukisoma "niliruhusu" kwa Mungu, itakubidi useme Farao naye aliuruhusu tu moyo wake, na hapo anakuwa mtazamaji wa dhambi yake mwenyewe, wakati mstari huo huo unasema alizidi kufanya dhambi. Hatuwezi kubadilisha sarufi kwa sababu mtenda amebadilika.

Sehemu iliyo tamu zaidi ni mfuatano. Umbo la *wayyi-* linalosukuma simulizi za Kiebrania ni ndugu wa *-ka-* yetu: akaona, akafanya, ukawa. Fuata hizo "ka" pigo kwa pigo. Damu: moyo ukawa mgumu. Vyura: Farao akautia uzito alipoona nafuu. Chawa: ukawa mgumu. Mainzi: Farao akautia uzito. Mifugo: ukawa mzito. Katika mapigo yote matano msimulizi hasemi kwamba Mungu ndiye aliyefanya. Kwenye majipu, pigo la sita, Pieli inaingia kwa mara ya kwanza katika masimulizi, na jina la BWANA likiwa kiima. Kwenye mvua ya mawe tunarudi kwa Farao, halafu kuanzia nzige Mungu anashika usukani.

Je, hilo linampa ushindi anayesema Farao alianza mwenyewe? Si haraka hivyo. Katika 4:21 na 7:3 Mungu ameshatangaza kwamba ataufanya mgumu moyo huo, na mistari ile ya "ukawa", ukiondoa wa mifugo, inafungwa na maneno "kama BWANA alivyonena". Umbo la kitenzi linakwambia msimulizi anamtaja nani kama mtenda katika tukio hili. Swali la uhuru wa Farao chini ya mapenzi ya Mungu litajibiwa kwa Maandiko yote, na wapo wacha Mungu pande zote mbili. Ninachokataa ni mtu kumaliza mjadala huo kwa kutaja jina la kauli madhabahuni.

Kuhakikisha mwenyewe, tumia Biblia yenye Kiebrania na tafsiri chini ya kila neno. Siku hizi zipo hata kwenye simu. Jiulize mambo matatu kwa utaratibu: kiima ni nani, *et* ipo au haipo, na kauli ni ipi. Orodha ya maana inayotokea ukibonyeza neno usiichague kama menyu ya hotelini. Ni maana za mzizi katika mahali mbalimbali, na kauli ya mstari wako huondoa nyingi kati ya hizo. Na angalia namba katika sura ya 8: Biblia ya Kiebrania iko nyuma yetu kwa mistari minne, hivyo 8:15 yetu utaikuta 8:11.