Nyungu ya Mama na Kifaa cha Kidoleni

Februari 2021, wimbi la pili la UVIKO-19 lilipokuwa likipita Dar es Salaam na takwimu za wagonjwa zimekoma kutangazwa tangu mwaka uliotangulia, nyumba yetu ilinuka mkaratusi kutwa kucha. Mama, mwenye miaka 63 na presha ya siku nyingi, alijifukiza asubuhi na jioni: sufuria sakafuni, kigoda, blanketi zito juu yake, na humo sufuriani mchaichai, majani ya mkaratusi na maganda ya malimao. Mchemshaji nilikuwa mimi.

Siibezi nyungu. Mvuke hulegeza makamasi, na mgonjwa aliyetoka jasho hulala. Lakini hauui kirusi, kwa sababu kirusi kimo ndani ya seli za mwili, na joto la kukiua humo lingeunguza koo kwanza. Kosa langu ni kwamba kila mama alipotoka chini ya blanketi akisema amepata nafuu, mimi nilihesabu kuwa anapona. Siku ya nne jirani alituazima kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachobana kidole, kikasoma 86, ilhali mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kuwa na 95 au zaidi. Mama alikuwa ameketi, hahemi, anamlalamikia dada kwamba uji hauna sukari. Usiku huo alilala na oksijeni hospitalini, na hakutoka hadi siku ya tisa.

Kwa hiyo, kama una mzazi mwenye presha au kisukari, tafuta kifaa hicho kabla ya pakiti ya tatu ya tangawizi. Pima kidole chenye joto, kisicho na rangi ya kucha wala piko, na kikisoma chini ya 94 mara mbili, usisubiri nyungu ya jioni.

Kuhusu vidonge, nilikuwa nameza vitamini C ya miligramu 1000 mara tatu kwa siku, hadi tumbo likaniharibikia. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 100 kwa siku, kiasi ambacho machungwa mawili hukitosheleza, na sehemu kubwa ya ziada hutoka kwa mkojo. Fedha ile ingenunua samaki.

Chanjo ilituletea ubishi zaidi. Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, mama alisema, "Huyo ana madaktari wake, mwanangu; mimi nina nani?" Alikuwa amesikia kwenye WhatsApp kwamba chanjo ya Janssen inagandisha damu. Nilijaribu kumwambia ni uzushi, naye akaacha kunisikiliza, na kwa haki, maana haukuwa uzushi mtupu. Daktari wa kliniki yake ya presha ndiye aliyemjibu sawasawa: tatizo hilo lipo, ni watu wachache mno kati ya milioni, limeonekana zaidi kwa wanawake walio chini ya miaka 50, na dalili za kuangalia katika wiki tatu za mwanzo ni kichwa kuuma sana, kifua kubana au mguu kuvimba. Akamweleza pia kwamba presha yake ni sababu ya kuchanja, si ya kukwepa. Mama aliuliza maswali saba, niliyahesabu. Kisha akauliza foleni inaanzia wapi.

Bado anajifukiza akipata mafua. Kifaa amekifunga kwenye pindo la khanga, na hupima kabla ya kuingia chini ya blanketi.