Hesabu maji ya ngama kabla ya chai

Mimi ni mtu wa Newala. Kwetu juu ya uwanda maji yalikuwa ya kufuatwa bondeni, ndoo kichwani, mlima mbele yako. Nikashuka Mikindani kutafuta kazi, nikapata mashua inayobeba chumvi na nazi kati ya hapo, Sudi, Lindi na Kilwa Masoko, na tangu usiku wa kwanza maji yakawa yananifuata mimi. Nimelala chomboni miaka mingi sasa. Wewe mdogo wangu unayeingia, haya machache nilifunzwa, mengi yalinitokea.

Chombo cha mbao kinavuja. Wageni wakisikia maji yanacheza chini ya sakafu usiku huamka wakidhani tunazama. Hatuzami. Unachotakiwa kujua ni kinavuja kiasi gani. Kila alfajiri, kabla ya chai, fua maji ya ngama, yaani yachote uyatoe yale yanayokusanyika chini kabisa ya chombo, huku unahesabu. Upo wetu, yaani kata ya kufulia maji, ni dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokatwa. Mashua ikiwa imetulia kwenye nanga, natoa kama 20. Zikifika 40 chai inasubiri, natafuta tundu. Wazee wana methali yao, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani; tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Watu wa bara huitumia kwa mtu aliyetangatanga akarudi kwao. Mimi kwangu ni ratiba ya kazi.

Halafu yaonje. Usicheke. Mara moja nilihangaika asubuhi nzima nikipekua maungio ya mbao upande wa joshi, unakotoka upepo, kumbe pipa letu la maji ya kunywa limepasuka kitako. Maji ya chumvi yametoka baharini, hapo tafuta tundu kwenye mbao. Maji matamu yametoka kwenye pipa au ni ya mvua, na hayo ndiyo ya kuogopa zaidi ingawa hayazamishi: maji ya mvua yakikaa kwenye pembe za mataruma, zile mbavu za chombo, yanaozesha mbao, wakati maji ya chumvi yanazihifadhi. Ndiyo maana sitaha tunaiosha kwa maji ya bahari hata tukiwa tumetia nanga karibu na bomba. Kijana mmoja alikuwa anaoga maji ya mvua kule omo kila jioni, povu na maji vinateremka ndani. Baada ya masika mbili ubao wa hapo ulikuwa unaingia kidole.

Kukalafati, yaani kuziba maungio ya mbao, utajifunza kwa fundi, siyo kwa maandishi. Pamba iliyolowekwa mafuta, patasi, nyundo, na sikio, kwa sababu pamba ikishajaa mlio wa nyundo hubadilika. Ukizidisha unapanua mwanya, kesho unavuja pale pale na jirani yake. Lakini ukiwa safarini, usiku, maji yanaingia na fundi yuko Mikindani, twanga sabuni ya mche pamoja na pamba au uzi wa kanga kuukuu, kandika, kisha gongomea kipande cha bati juu yake. Itakufikisha. Na kama tundu hulioni, chukua unga wa mbao, uzamishe chini ya chombo ndani ya kikapu, utikise. Maji yanayoingia yanauvuta unga mpaka kwenye ufa, unaziba wenyewe kwa saa kadhaa. Mimi sikuamini mpaka nilipoona.

Misumari nunua ya kupakwa zinki, tena minene. Niliwahi kubana matumizi nikachukua ya kawaida, ile ya kujengea banda. Haikumaliza mwaka. Kutu ilikula shingo, vichwa vikabaki vimekaa pale juu kama vizima na ubao umeachia kabisa.

Jiko la mkaa liweke ndani ya debe lenye mchanga, upande wa demani, unakoelekea upepo, ili cheche ziende baharini, zisiende kwenye tanga. Mashine ya nje ukishaizima iinue, na ukipata maji matamu isafishe njia zake za kupoozea. Beba plagi ya akiba na pini ya propela. Petroli ya chupa za barabarani iache itulie kwanza uone kama ina maji chini. Betri ya sola ikiota unga wa kijani kwenye vichwa, isugue na maji ya moto, kausha, paka girisi. Basi.

Nanga nayo ina hesabu. Ghuba ya Mikindani imezungukwa na nchi na chini ni tope, mgeni anazoea vibaya akidhani kila mahali ni hivyo. Kwetu huku siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitia nanga maji yamepwa ukatoa kamba ya kukutosha wakati huo, maji yakijaa kamba inasimama wima na nanga inang'oka. Pima kwa maji yatakayojaa, zidisha mara nne au tano. Kwenye matumbawe funga mnyororo mwanzoni, kamba tupu hukatwa usiku bila sauti. Na TMA, watu wa hali ya hewa, wakitangaza kimbunga, usibishane nao. Kenneth mwaka 2019 alipiga upande wa pili wa mto Ruvuma, Hidaya mwaka 2024 akaja pwani yetu wenyewe.

Sasa kosa langu kubwa. Chombo hupwelezwa ufukweni ili tumbo lichomwe kwa makuti makavu, wadudu wanaotoboa mbao wafe, kisha lipakwe deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Nahodha alikuwa na msiba, akaniachia kazi. Nikapandisha mashua siku ambayo maji yamejaa kuliko zote, mwezi mpevu, nikifurahi jinsi ilivyopanda juu. Nikachoma, nikapaka, kazi safi. Siku ya pili maji hayakuifikia. Ya tatu yakaishia mbali zaidi. Maji mafu, yale yasiyopanda sana, yalikuwa yanakuja, na mimi nilikuwa nimeiegesha mahali ambapo pangefikiwa na bamvua inayofuata tu, karibu wiki mbili mbele. Kusi inavuma, jua linawaka, mbao zikakauka, maungio yakafunguka. Ilipoelea ilivuja kama pakacha. Mbao zilihitaji kulowa ndipo zivimbe zibane, na tulifua maji kwa zamu siku tatu. Sikumbuki hesabu ya siku hizo, nilipoteza baada ya 300.

Pandisha siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yakiwa bado yanaongezeka. Ukichelewa na rangi, kesho yake maji yatakufuata ulipo.