Wadogo Zangu wa A2, Mikono Yenu Inawaponza

Jumamosi niliingia kwenye darasa lenu la mtandaoni la Kijerumani, ngazi ya A2 (ya pili kutoka chini), kusaidia mazoezi ya msamiati, yale ya kukariri neno kwa ishara ya mkono. Nilikaa kimya dakika ishirini nzima nikiwatazama. Nyuso kumi na mbili, mikono ishirini na minne, yote inapunga hewa kama wauza samaki wanaofukuza nzi. Mwalimu anasema abfahren (kuondoka), mnapunga. Anasema ankommen (kufika), mnapunga. Umsteigen (kubadili gari), mnapunga tena, na mmoja wenu (anajijua) alipunga kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chapati.

Nilicheka, kisha kicheko kikakatika, maana kupunga huko nakujua. Ndiko kulikoniponza. Na tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024, kila mwezi napata wanafunzi wapya wenye kosa lilelile. Kwa hiyo nasema mara moja, someni wote.

1. Ishara iwe na sura ya neno. Schneiden, kata mkate. Schlucken (kumeza), pitisha kidole kooni. Verband, jizungushie mkononi kama bendeji. Kupungapunga tu ni mazoezi ya viungo. Manuela Macedonia na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2011: waliwafundisha watu maneno ya lugha ya kubuni, mengine kwa ishara zinazofanana na maana, mengine kwa ishara zisizo na maana yoyote. Ya kwanza ndiyo yaliyokumbukwa vizuri zaidi. Basi acheni kusema "dada, mbona tunafanya ishara na maneno hayakai?"

2. Tamka kwa sauti, mdomo na mkono viende pamoja. Ila chagueni mahali. Mimi nilikuwa nafanyia festhalten (kushikilia) na loslassen (kuachia) ndani ya matatu ya Likoni, na mara mbili kondakta alisimamisha gari akidhani nashuka.

3. Mkono uguse pale maneno yanapoachana. Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Nikiwa A2 nilijitungia ishara ya anziehen (kuvaa): nashika kola kwa mikono miwili, naivuta. Nilipofika ausziehen (kuvua) nikajiambia, ah, si ni nguo vilevile, kola inatosha. Kwenye kadi sikukosea hata siku moja, kwa kuwa kadi inakuwekea neno zima mbele ya macho. Lakini Kijerumani mnakijua. Kitenzi kama hicho kikiingia kwenye sentensi kinakatika vipande viwili: ziehen inatangulia, kile kipande kidogo kinangoja hadi mwisho kabisa. Mkono wangu ulikuwa umeshamaliza kazi yake kwenye ziehen. Kipande cha mwisho kilibaki yatima, mdomo ukaokota chochote kilichokuwa karibu.

Mwaka wa kwanza wa Ausbildung (mafunzo ya kazi) kule Ujerumani, Jumapili moja ya Januari, niko Spätdienst (zamu ya jioni). Bibi wa chumba cha mwisho alikuwa anachukuliwa na mwanawe kwenda kula keki kwa mjukuu. Nje theluji. Mwana amesimama mlangoni na mkewe, kofia mkononi. Nikamletea bibi koti lake, nikamwambia kwa heshima yote niliyolelewa nayo: Ziehen Sie sich bitte aus. Akanitazama. Nikadhani hakusikia. Nikashika kola yangu nikaivuta, kumsaidia. Akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

Mimi nikawaza, masikini, leo amechanganyikiwa zaidi, anavua badala ya kuvaa. Nikaongeza sauti. Na kwa vile tulifundishwa kufupisha sentensi kwa wenye Demenz (ugonjwa wa kusahau), nikafupisha: Aus! Bitte, aus! Huku navuta kola.

Kwa wale ambao hamjafika huku: "Aus!" ndivyo Wajerumani wanavyomwamrisha mbwa aachie kitu alichouma.

Kifungo cha tatu kilipofunguka, mwana alikuwa ameshavuka chumba. Alininyang'anya koti akamfunika mama yake. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu "an", polepole, mara mbili, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Nikaenda chumba cha dawa nikalia mpaka Übergabe (kukabidhiana zamu), na kwenye Übergabe nikalia tena.

Kesho yake Praxisanleiterin, msimamizi wangu wa mafunzo kazini, hakuniuliza kwa nini nilikosea. Aliniuliza nilijifunzaje anziehen. Nikamwonyesha. Akasema, haya, na ausziehen? Nikamwonyesha. Tukatazamana.

Kwa wiki nzima bibi yule akiniona tu kwenye ukumbi alikuwa anashika kola yake.

Dawa niliipata kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Tuna funga na fungua, kunja na kunjua, vaa na vua: tendo ni lilelile, mkia unaligeuza. Wenzetu wameuhamisha ule mkia tu. Basi mkono wangu hauigusi nguo tena, unashughulika na mkia. An-, kiganja kinatua kifuani. Aus-, kinatoka kifuani na vidole vinafunguka. Na mkono unangoja! Hautikisiki mpaka sentensi ifike mwisho. Auspacken (kufungua mzigo), aussteigen (kushuka garini), ausschalten (kuzima), kiganja kilekile kinatoka. Zumachen (kufunga), viganja vinakutana, aufmachen (kufungua), vinaachana. Hizo abfahren na umsteigen zenu mtajitungia, sitawatafunia.

4. Namba: ukisomewa Blutdruck (shinikizo la damu) hundertdreiundvierzig, ile drei (tatu) ishikilie kwenye vidole vitatu mpaka vierzig (arobaini) ifike, ndipo uandike 143.

5. Trotzdem (hata hivyo) na obwohl (ingawa) hazina ishara, msizilazimishe, ziandikieni sentensi.

6. Ishara za kujifunzia zibaki za kujifunzia. Wadogo zangu, kule hamtaelekeza kitu kwa mdomo. Nilimwonyesha mwenzangu Rollator (kigari cha kutembelea wazee) kwa kubinua midomo kama tunavyofanya nyumbani, akaniuliza kama jino linaniuma. Nikabinua tena, kwa mkazo. Akaniletea barafu iliyofungwa kwenye taulo, mtu mwema kabisa, na Rollator ikabaki palepale. Dole gumba pia: wao wakihesabu, moja ni dole gumba, kwa hiyo muwe macho mnapoagiza mikate.

7. Neno likishakaa, mkono upumzike. Kwenye Sprechen (mtihani wa kuzungumza) mna mwenzenu wa kupanga naye safari au sherehe, na mtu anayevuta kola kila akitaja nguo anamtoa mwenzake kwenye reli. Mkikwama, fanyeni ishara chini ya meza. Mimi nilifanya, na nikapata alama za kupita, ingawa goti la mwenzangu lilipigwa mara mbili kwa ajili ya einladen (kualika).

Jumamosi saa mbili usiku, kamera wazi, bila chapati. Tunaanza na an- na aus- na kila mtu aje na koti. Wa Mombasa msianze kunililia joto, leso itatosha.