Serikali inakopa kila mwaka, mwisho wake nini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi mkulima wa korosho huku Newala, kila mwezi wa sita nikisikiliza bajeti redioni nasikia matumizi yamezidi mapato afu pengo linazibwa kwa mikopo, mwaka jana hivyohivyo, mwaka juzi pia. Mimi nikikopa pembejeo chamani misimu mitatu bila kulipa wananifungia, wao wanawezaje? Itaenda mpaka lini?

JIBU: Ndugu yangu, we utazeeka na mikorosho yako itazeeka, serikali haistaafu, kwahiyo deni lililoiva inalipa kwa kukopa jipya na wakopeshaji hawashtuki. Wanachoangalia ni kama deni linakimbia kuliko uchumi. Chukua nchi yenye pato la taifa (thamani ya vyote inavyozalisha kwa mwaka) la 100, inadaiwa 50, mwaka huu imepungukiwa 3 (hiyo ndo nakisi) ikakopa, deni 53. Pato likifika 106 bado inadaiwa nusu ya pato vilevile, inaweza kwenda hivyo hata miaka 40. Likiishia 102 mzigo umeongezeka, na riba nayo inapanda, mwisho inakopa ili ilipe riba, hapo ndo kangomba yenyewe, umeshauza korosho mti ukiwa na maua kwa bei ya kutupa, mnada ukianza we huna hata gunia ghalani, unarudi kuomba kwa yuleyule.

Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ya 2013 iliweka nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa na deni asilimia 50, ukiziangalia zinaendana na hesabu yetu, ila pato lazima likue kweli.

Kingine ni dola. Zambia ilikopa kwa hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali inawauzia wawekezaji) za dola 2012, 2014 na 2015, afu bei ya shaba ikashuka, kwacha, hela yao, ikaporomoka, kodi unakusanya kwa kwacha deni linadai dola, Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 tu. Ghana ikasimamisha malipo ya madeni mengi ya nje Desemba 2022. Na sisi Tanzania tusiwacheke, 2001 tulisamehewa madeni kwenye ule mpango wa nchi maskini zilizoelemewa na madeni.

Kwahiyo mwezi wa sita usiishie kwenye pengo, sikiliza kulipa madeni kunakula kiasi gani cha mapato ya ndani, na mkopo unajenga nini, bandari au posho.

Ila misimu mitatu ya pembejeo kaka, hapo hata mi ningekufungia.