Spana zikae kwa wa mwisho

Cheni ya pikipiki yangu iliachia kwenye barabara ya Magadi, kusini mwa Nairobi, tukiwa tumeshaipita Corner Baridi na kuteremka hadi kule lami inapoanza kutoa mvuke. Nilisikia mlio kama wa ufunguo ulioangukia kwenye karai, injini ikapaza sauti, nami nikahisi pikipiki inapoteza nguvu chini yangu. Nikaiacha ijikokote hadi kando ya barabara, chini ya mgunga.

Tulikuwa wanne, mimi wa tatu. Nyuma yangu alikuwa mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza mwaka mmoja juu ya pikipiki. Alisimama, akavua helmeti, akauliza, "Anko, uko sawa?" Nilikuwa sawa. Lakini spana zote, plaiya na spea zetu zilikuwa kwenye mkoba wa Mwalimu, na Mwalimu ndiye aliyekuwa mbele. Wakati huo yeye na mwenzetu mwingine walikuwa njiani kuelekea Olorgesailie, wakiamini tunawafuata. Simu hazikuwa na mtandao. Ilibidi mpwa wangu aende kuwatafuta peke yake huku mimi nikibaki na pikipiki, na kwa karibu saa nzima niliyokaa pale, hofu yangu yote ilikuwa juu yake. Mashine sikuifikiria hata kidogo. Kijana mgeni wa barabara ile, yenye malori ya magadi na ng'ombe wanaovuka watakavyo, nilikuwa nimemtuma kukimbizana na watu wasiojua kwamba wanatafutwa.

Siku hiyo ndiyo iliyobadilisha namna tunavyosafiri. Pikipiki ikiharibika hubaki nyuma, na atakayeikuta ni yule anayekuja mwisho. Basi vifaa na vibebwe na wa mwisho, na wa mwisho awe ndiye mzoefu kuliko wote, anayeweza kufunga cheni na kutulia mwenzake akiwa na wasiwasi. Mgeni mweke wa pili, nyuma tu ya kiongozi, ili kasi ya msafara iwe ile anayoimudu yeye. Na kila mtu amwangalie aliye nyuma yake kwenye kioo. Ukimkosa kwa muda, punguza mwendo. Ukizidi kumkosa, simama mahali salama. Aliye mbele yako naye akikukosa atasimama, na hivyo mtakutana hata kama simu zimekufa. Hatujawahi kupotezana tena.

Hiyo cheni yenyewe ina somo lake. Wiki moja kabla, fundi mmoja hapa mjini aliniwekea mpya, akaifunga haraka huku akiongea na wateja wengine wawili. Nilisimama pale pale nikimtazama, lakini sikujua cha kutazama. Cheni nyingi za pikipiki zetu ndogo huunganishwa kwa kiungo kimoja chenye klipu ndogo. Upande wa klipu uliofungika unapaswa kutangulia kule cheni inakokwenda, na mdomo ulio wazi ubaki nyuma. Ikiwekwa kinyume, kitu chochote kikiigusa inaweza kusukumwa ikatoka, na cheni ikafunguka. Mwalimu aliporudi alikuta klipu imeruka na kibati chake hakipo. Alikuwa na kiungo cha akiba cha ukubwa uleule, kitu cha bei ndogo sana, akakibana kwa plaiya kwa dakika chache. Kisha akanionyesha jinsi ya kupima: bonyeza cheni katikati, upande wa chini, icheze kama sentimita 2 hadi 3. Ikikazwa sana hujiua yenyewe na kuiumiza beringi. Tuliporudi mjini nilibadilisha na sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, maana meno yalikuwa yameshachongoka, na cheni mpya juu ya meno mabovu haikai. Nakuomba ujifunze hicho kiungo kabla ya kujifunza kitu kingine chochote. Chukua dakika kumi na fundi wa stegi yenu, mwambie akufundishe kukifungua na kukifunga, umlipe kwa muda wake.

Pancha ni habari fupi. Ukitoa tyubu, usiweke nyingine kabla ya kupitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Mwiba wa mgunga hukatikia humo, na ukiuacha utatoboa tyubu ya pili kabla hujafika mbali. Na injini ikizimika ghafla huku petroli ipo, anza na vitu rahisi: swichi nyekundu ya kuzimia iliyoguswa na kidole gumba, koki ya mafuta iliyofungwa, kisha mfuniko wa tangi. Ufungue. Ukisikia hewa inavutwa kwenda ndani, kitundu cha kupumulia kimeziba kwa vumbi, na ukikisafisha utaendelea na safari. Watu hufungua kabureta porini kwa sababu ya kitundu kile.

Usivutwe kwa kamba iliyofungwa fundo kwenye pikipiki yako. Nimewaona wakifanya hivyo kwenye barabara ya Thika, na wa mbele akifunga breki ghafla, wa nyuma hana pa kukimbilia. Ni heri kuiacha kwa mwenye duka ukaifuata kesho. Na mnaposimama kutengeneza, kata matawi uyatandaze mapema, upande magari yanakotokea. Kenya nzima dereva akiona matawi barabarani anajua kuna chombo kimekwama mbele. Siku ile nilikata ya mti uliokuwa jirani, na lori moja la magadi lilipunguza mwendo likapita mbali nami. Dereva akapiga honi mbili fupi, na zilinipa moyo kwelikweli.

Kuhusu fedha, semeni kabla hamjatoka. Sisi kila mmoja huchanga kidogo kabla ya safari, na hela hizo hununua viungo vya cheni, tyubu, gundi na viraka vya pamoja. Spea ya pikipiki yako ni yako, ila muda wa mwenzako haulipwi. Beba pia noti, kwa sababu bila mtandao M-Pesa haikusaidii. Jaza tangi Kiserian, mji wa kabla ya Corner Baridi.

Na uwachague watu. Mimi sisafiri na zaidi ya watano, wala na mtu anayemcheka mwenzake kwa kuwa na pikipiki ndogo. Mtu huyo utamjua mapema: mwenzake akisimama kukaza kioo, yeye anangurumisha injini pembeni. Mwalimu ana pikipiki yenye nguvu kutuzidi sote, na siku ile alirudi kilomita zile zote juani, akashuka, akasema, "Pole ndugu yangu, kunywa maji kwanza." Hakuuliza nani aliifunga ile cheni mpaka nilipomaliza chupa.

Tulikula nyama Kiserian jua likizama, kisha tukaachana kwenye taa za mjini, kila mtu na njia yake. Tuna desturi kwamba hakuna anayelala mpaka wote wanne wameandika "nimefika". Mpwa wangu aliandika wa kwanza, saa mbili kasoro. Mwalimu anakaa mbali, huko Ruiru. Nilikaa sebuleni na simu mapajani, buti bado miguuni, mpaka saa tatu na dakika ishirini, neno lake lilipoingia.