Re: Chemshabongo ya Krismasi, vijana hawamjui Mbaraka Mwinshehe

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, ukoo unakutana Moshi, mwaka jana uliandaa maswali ya wasanii wa zamani, wazee wakajibu yote, madogo wakachekwa wakahamia kwenye simu, na mwaka huu unataka wasikimbie.

Cheki kwanza umri wa watu wako kabla hujaandika swali hata moja. Mbaraka, yule mwanamuziki wa dansi, alifariki 1979, mtoto wa 2005 angemsikia wapi? Wazee wetu walikua na Radio Tanzania tu, Tanzania bara tv imeanza 1994, kwahiyo nyumba nzima ilisikia wimbo uleule wa Marijani Rajabu hata kama hupendi. Dogo wa leo anachagua mwenyewe kwenye simu, afu sio mjinga, anajua vyake. Kumcheka ndo kunaharibu, inaniuma sana nikiona wazee wanafanya hivyo.

Kwetu Arusha tulichanganya timu, babu na mjukuu pamoja, na hatukuuliza majina, tulipiga wimbo kidogo tu halafu mzee aeleze aliusikia wapi. Zamu inayofuata dogo anapiga wa kwake na yeye anaeleza. Usisahau sisi wa katikati, weka X Plastaz, kundi la hip hop, hao ni wa Arusha kabisa, na vichekesho vya King Majuto, hapo wote wanacheka pamoja.

Kwa watoto wadogo kabisa sijajaribu. Ila spika iwe nzuri, ya simu wazee hawasikii.