Kwa mnaoanza kuandika hadithi za mapenzi: mwangalieni Nora Roberts anavyofanya kazi

Vijana wanaoniletea miswada huanza na swali la soko: nani atachapisha, nani atanunua. Huwa nawapeleka kwa Nora Roberts, Mmarekani mwenye riwaya zaidi ya 200.

Februari 1979 alikuwa mama wa nyumbani huko Maryland. Theluji ilikuwa imefunga barabara, chekechea imefungwa, wanawe wawili wanamzunguka ndani, na chokoleti inakaribia kwisha. Akachukua penseli na daftari, akaanza kuandika hadithi iliyokuwa kichwani mwake. Hakukuwa na mchapishaji aliyeisubiri.

Miswada yake ya mwanzo ilirudishwa. Harlequin, vigogo wa riwaya za mapenzi, waliwahi kumwandikia kwamba hadithi ni nzuri na inaburudisha, ila mwandishi wa Kimarekani tayari wanaye. Isome tena sababu hiyo. Kazi haina kasoro, kiti ndicho kina mwenyewe! Ukipata jibu la namna hiyo usikimbilie kuichana hadithi yako. Mwaka 1980 ikaanzishwa Silhouette, iliyokuwa ikiwatafuta hasa waandishi wa Marekani, na mwaka uliofuata ikamtolea kitabu chake cha kwanza. Aliwahi nafasi hiyo kwa sababu wakati wote huo alikuwa hajaacha kuandika.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambako wengi wenu mnakwama. Roberts hapangi mtiririko wa matukio kabla ya kuanza. Anaandika rasimu ya kwanza mbiombio mpaka mwisho bila kurudi nyuma, halafu anaanza upya ukurasa wa kwanza, anajaza na kurekebisha, kisha anapita tena kusafisha. Saa sita hadi nane kwa siku. Husema ukurasa mbovu anaweza kuutengeneza, mtupu hawezi. Ninyi nawaona mnang'arisha sehemu ya kwanza: binti anashuka kwenye basi, mvua inanyesha, kaka mmoja anamfunika na koti lake, kila sentensi imepigwa pasi. Chini yake, "itaendelea". Sehemu ya nne haijaonekana hadi leo. Maliza kwanza, hata kama katikati pana matope.

Wahusika wake wengi wana kazi zao, na kazi hizo zinaisukuma hadithi. Tangu 1995, kwa jina la J.D. Robb, anaandika kuhusu Eve Dallas, mpelelezi wa polisi wa New York ya miaka ijayo. Eve anaolewa mapema tu, na vitabu bado vinaendelea mpaka sasa. Kwetu harusi ikishafungwa mwandishi huwa ameishiwa. Mimi naona ndipo mambo yanapoanza kunoga.

La mwisho ni kunakili. Mwaka 1997 msomaji mmoja alisoma vitabu viwili kwa kufuatanisha, kimoja cha Roberts, kingine cha Janet Dailey, akaona sentensi zinafanana, akaziweka mtandaoni bega kwa bega. Dailey akakiri. Huyo ndiye aliyekuwa Mmarekani wa Harlequin siku zile. Wasomaji wa mapenzi husoma mno na wana kumbukumbu, hivyo kubadilisha majina ya wahusika hakutakuficha. Roberts alishtaki, na fidia aliyopata akaitoa kusaidia kazi ya kufundisha watu kusoma.